Sindano Chini ya Sifuri

Simu ya maabara kutoka Dodoma ilimkuta Inspekta Rukaya Abdulnasiri juu ya ngazi ya tenki la maji la Mhelule, mkono mmoja umeshika chuma cha moto, mwingine umeshika kufuli. Ilikuwa Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi. Mtu wa maabara hakuwa na maneno mengi. Maji yaliyochotwa Jumamosi yalikuwa na dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, na haikuwa tone la bahati mbaya. Akaomba aandikiwe barua rasmi, akakata.

Watu wawili walikuwa wameshazikwa. Kumi na mmoja walikuwa wamelala zahanati, wengine vitandani, wengine kwenye mikeka. Na mwendesha pampu wa kijiji, Kefa Chilongani, alikuwa amekaa ndani ya gari la polisi pale barabarani, pingu mikononi, akingoja kupelekwa mahakamani Mpwapwa saa nane mchana kwa kosa la kuua.

Saa nane hiyohiyo maji yangefunguliwa. Ndivyo wakubwa walivyopanga kwa simu: mtuhumiwa akishaondoka, hatari imeondoka naye, watu wasikae na kiu siku ya tatu. Kwa hiyo Rukaya akikosea, asingemkosea mzee mmoja tu. Kijiji kizima kingelinywa kosa lake.

Na hicho kijiji kilikuwa kimeshameza mengi. Mhelule iko dakika arobaini kutoka Gulwe ukishavuka reli, na imeshazinduliwa maji mara tatu. Mwaka sabini na sita walikata utepe, pampu ikafa kabla ya mvua. Mwaka tisini na tatu wakakata wa pili, mashine ikapakiwa kwenye lori kwenda kutengenezwa na mpaka leo haijarudi. Mwaka juzi wakakata wa tatu. Wazee wa pale wanakumbuka hata rangi za tepe zenyewe. Waliosahau ni waliokata.

Rukaya alilitazama lile kufuli kwa karibu. Ndani ya tundu la ufunguo buibui alikuwa amejenga, utando umeshika vumbi, mzima. Akalipiga picha mara tatu, akashuka.

Chini alimkuta Koplo Denis na bahasha ya vielelezo. Denis alikuwa kijana mwenye haraka, na kwake kesi ilikuwa imekwisha tangu jana. Akahesabu kwa vidole. Ufunguo wa tenki ni mmoja, na Kefa alikamatwa nao ukining'inia shingoni. Kopo la dawa ya josho, nusu tupu, limekutwa chini ya kitanda chake. Mbuzi wake mwenyewe alikufa Ijumaa jioni huku akitoka mate, na majirani wanasema alikuwa anaijaribia sumu. Zaidi ya hapo, mzee hasemi. Siku nzima ya jana kaulizwa aliweka nini kwenye tenki, hakufungua mdomo.

"Tenki hili linabeba lita ngapi?" Rukaya akamuuliza.

"Elfu hamsini, afande."

"Na lile kopo?"

Denis akalitazama tenki, kisha akaitazama bahasha. "Nusu lita," akasema, kwa sauti iliyopungua.

"Na mlango wa tenki haujafunguliwa tangu buibui ahamie. Twende zahanati."

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na tabibu mmoja, Evarista, ambaye watu walimwita daktari kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Alikuwa hajalala tangu Jumamosi. Yeye ndiye aliyeitambua sumu kabla ya maabara: mate yanamwagika, jasho, misuli inacheza yenyewe chini ya ngozi, mboni za macho zimenywea zikawa kama tundu la sindano. Alishawahi kuwaona wachunga ng'ombe hivyo, waliomwagikiwa na dawa.

Rukaya hakumuuliza kuhusu sumu. Alimwomba karatasi ya majina, wakapita mkeka kwa mkeka, kila mgonjwa akiulizwa swali moja tu: Jumamosi ulichota bomba gani? Wasioweza kusema walisemewa na ndugu zao. Kijiji kilikuwa na vituo vitano vya kuchotea.

Kumi na mmoja walijibu kitu kimoja. Kituo namba moja, pale barabarani, kando ya nyumba ya pampu. Marehemu wawili, namba moja.

"Na waliochota vituo vingine?" Rukaya akauliza.

"Mimi nachota namba tatu," Evarista akasema. "Nilikunywa. Wanangu walikunywa. Mpaka naambiwa maji yafungwe, tulikuwa tumeshapikia."

Rukaya akakaa kwenye ukingo wa dirisha, akachora mstari nyuma ya ile karatasi. Alikuwa binti wa fundi bomba wa Chang'ombe, mzee Jamaldini, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kushika spana. Maji yanatoka bwawani juu ya korongo, yanashuka yenyewe mpaka kwenye chujio. Chujio linayasafisha. Pampu inayapandisha tenkini. Kutoka tenkini yanashuka kwenye vituo namba mbili, tatu, nne na tano. Lakini namba moja haikungoja tenki. Iliungwa kwenye bomba la kupandisha, njiani, pampu ikiwa inafanya kazi.

"Sumu ingewekwa tenkini, ungekuwa umelala hapa na wewe, daktari," akasema. "Haikuwekwa tenkini. Ilipita namba moja ikiwa kali, ikafika tenkini ikazimuliwa na maji mengi."

Denis akakuna shingo. "Basi aliiweka kwenye pampu."

"Labda. Tumuulize mwenye pampu."

Kefa alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, suruali imekazwa kwa kamba ya katani. Rukaya alifungua mlango wa gari na kumwamkia kabla ya neno lingine.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akageuka taratibu. Tangu Jumamosi hakuna askari aliyekuwa amemwamkia. "Marahaba."

"Kwa nini husemi, mzee wangu? Saa nane wanakuchukua."

"Nimeshasema."

"Hujasema, jana nzima..." Denis akaanza. Rukaya akamkatiza kwa ishara ya mkono.

"Umesema wapi?"

"Nimeandika. Mnalo." Kefa akaonyesha kwa kidevu bahasha aliyoishika Denis. "Someni kwanza nilichoandika. Mkimaliza mniulize."

Ndani ya bahasha lilikuwemo daftari la pampu, lenye jalada la kaki, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kubandikwa namba. Denis akasema lilishasomwa. Akabanwa, akakubali kwamba ulisomwa ukurasa wa Jumamosi tu. Hivyo ndivyo mtu asiye na cheo anavyosomwa katika nchi hii: ukurasa mmoja, ule wa siku ya msiba.

Rukaya akaanza na ukurasa wa kwanza. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza ukubwani. Saa ya kuwasha, saa ya kuzima, dawa ya klorini vijiko vingapi. Mwezi wa pili wa kazi, sentensi mpya: *Pampu inalia. Sindano chini ya sifuri. Nimemwambia injinia.* Wiki mbili mbele, maneno yaleyale. Kisha tena, na tena. Akayahesabu kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi, siku mbili kabla ya vifo.

"Mara kumi na moja, mzee."

"Nilidhani ya kumi na mbili haina maana," Kefa akasema.

Saa sita kasorobo injinia wa mradi, Ernest, alifika kwa gari jeupe. Alikuwa ameitwa kuja kufungua maji na si kuulizwa maswali, na uso wake ulisema hivyo. Rukaya alimtaka awashe pampu, maji yamwagwe nje kwa koki ya kusafishia, tone lisifike kijijini. Ernest akasema utaratibu hauruhusu. Rukaya akamjibu kwamba utaratibu umeshazika watu wawili. Akamwamuru Denis amfungue mzee pingu.

Nyumba ya pampu ilikuwa jengo zuri kuliko yote Mhelule, kuliko hata zahanati: vigae, rangi ya bluu na nyeupe, kibaraza, na ukutani kipazia chekundu kikifunika jiwe la uzinduzi. Vumbi la barabara lilikuwa limekifanya kipazia kiwe rangi ya matofali. Kefa akaingia, akagusa mashine kwa kiganja, akaiwasha.

Kelele ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Kefa alinyoosha kidole tu. Upande ambao maji yanaingia kwenye pampu kulikuwa na saa ndogo ya kupimia msukumo wa maji. Sindano yake ilianza kwenye sifuri, ikatetemeka, ikarudi nyuma, ikaingia kwenye alama nyekundu, ikakaa humo.

"Hiyo ni saa mbovu," Ernest akasema.

"Ni ya ngapi?" Rukaya akamuuliza Kefa.

"Ya tatu. Kila akija anasema mbovu, anabadilisha. Inaingia palepale."

Rukaya akamgeukia injinia. Akamwomba mchoro. Ernest akasema uko ofisini, kisha akasema uko kwenye simu, kisha akautafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipompa, Rukaya akaupanua kwa vidole viwili, akautazama, akatoka nje kuitazama nchi yenyewe, akarudi. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka injinia juu ya mdomo.

Mchoroni pampu ilikaa chini korongoni, kabla ya chujio. Inapokea maji ya bwawa, inayasukuma yapite kwenye chujio, yapande moja kwa moja mpaka tenkini. Mhelule ya kweli ilikuwa kinyume. Chujio, pipa refu la chuma lililojazwa mchanga, lilisimama kulekule ukingoni mwa korongo. Pampu ilikuwa huku juu, barabarani, mita themanini mbele yake. Haikuwa inasukuma chochote kupita kwenye mchanga. Ilikuwa inanyonya kupitia mchanga, kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija.

"Nani aliihamisha?"

"Pampu ni pampu, afande. Ikikaa mbele ikikaa nyuma, maji ni yaleyale."

"Sijauliza maji. Nimeuliza nani."

Ernest akatazama viatu vyake. Akaeleza kwa sauti ya chini, na maelezo yalikuwa mafupi kuliko aibu yake. Wiki sita kabla ya uzinduzi, msafara wa wakaguzi ulikuja kuangalia njia. Gari la mbele likazama kwenye mchanga wa korongo. Ikasemwa mgeni rasmi hawezi kushuka kule kwa miguu. Ikasemwa nyumba ya pampu ije barabarani, jiwe lionekane, kamera zipate nafasi. Chujio lilikuwa limeshajengewa msingi, likaachwa.

"Ikasemwa na nani?"

"Ilikuwa maelekezo ya mdomo."

Kefa, ambaye alikuwa bado ameweka kiganja kwenye mashine, akazungumza bila kuulizwa. "Nilimwambia huyu kijana, injinia, bomba linalosukumwa likitoboka linamwaga, unaliona. Hili linanyonywa. Likitoboka linaingiza, na wewe juu huoni kitu. Akaniuliza mimi nimesomea wapi."

Rukaya alitazama saa. Saa sita na nusu. Nje, kwenye kituo namba moja, wanawake walikuwa wameanza kupanga ndoo na madumu. Walikuwa wameambiwa saa nane. Foleni ilishapita kibaraza, na madumu ya njano yalizidi kuongezeka kila alipogeuka.

"Hizo mita themanini zinapita wapi?" akauliza.

Kefa akaongoza, Denis nyuma yake, injinia mwisho. Mtaro ulikuwa umefukiwa zamani lakini mzee aliujua hatua kwa hatua. Nchi yote ilikuwa kavu, rangi ya majivu, mpaka walipofika nyuma ya josho la kijiji. Hapo, juu ya mtaro, palikuwa na duara la majani mabichi, kijani kibichi, pana kama mkeka. Hatua sita kutoka hapo lilikuwa shimo la kumwagia maji ya josho yaliyokwisha kazi.

Josho huogesha ng'ombe kila Ijumaa. Dawa ikichakaa, inamwagwa shimoni. Denis akapiga simu kwa msimamizi wa josho, akajibiwa kwamba ndiyo, Ijumaa iliyopita walimwaga yote na kujaza upya.

Emiliana, mke wa Kefa, alikuwa amewafuata kwa mbali tangu barabarani. Rukaya akamwita, akamuuliza yule mbuzi alifia wapi.

"Hapo unapokanyaga, mwanangu," Emiliana akasema. "Ijumaa jioni alikata kamba. Utamlaumu? Kijiji kizima hakuna jani, hapa kuna bustani. Nikamkuta amelala anatetemeka. Wakasema mume wangu kamjaribia." Akamgeukia Denis. "Hiyo dawa ya chini ya kitanda ni ya kupaka kupe. Kila nyumba ya hapa inayo. Nendeni mkapekue."

Denis akaitazama bahasha yake kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine.

Mambo yakapangika. Pampu ikilala, maji ya bwawa yanasukuma kidogo kwa uzito wake, kiungio kinavuja, majani yanapata. Pampu ikiamka, inanyonya, na kiungio kilekile kinavuta chochote kilichojaa kwenye udongo. Ijumaa udongo ulijaa dawa. Jumamosi alfajiri Kefa akawasha pampu, kama kila siku.

Lakini kupangika si ushahidi. Saa saba na dakika tano mkuu wake alipiga simu. Alimsikiliza nusu dakika, akamkumbusha kwamba mahakama haisubiri majani, na kwamba saa nane gari liondoke na koki zifunguliwe. Rukaya akaitika "Ndiyo, afande" mara mbili, akakata, akamgeukia Denis.

"Nenda dukani. Bluu ya kufulia, vipakti vyote walivyonavyo. Na sururu."

Walichimba kwa zamu, Denis na kibarua mmoja wa josho, glavu za Evarista mikononi, vitambaa puani. Udongo ulinuka dawa kabla hawajafika magotini. Saa saba na nusu sururu iligonga plastiki. Kiungio kilikuwa pale, mabomba mawili yamekutanishwa yakapishana kwa upana wa kidole, na mahali pa kuunganishia palikuwa pamefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Rukaya alipiga picha, akaweka rula, akapiga tena. Ernest alikuwa ameketi juu ya kifusi.

"Pampu ilipohamishwa, bomba likapungua," Kefa akasema. "Wakaunga. Niliwaona. Wakaniambia ni ya muda."

Rukaya akakoroga bluu kwenye ndoo mpaka maji yakawa meusi. Akampa Denis, akamwambia asubiri sauti ya pampu ndipo amwage juu ya kiungio. Yeye na Kefa wakapanda kwenda barabarani kwa mwendo uliobakiza kidogo tu kuwa kukimbia.

Foleni ilikuwa imefika dukani. Mama mmoja akauliza kama bado. Mwingine akasema wasimsumbue afande, mambo ya serikali hayana haraka ila wakati wa kukamata. Wakacheka, si sana. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Kefa akafungua koki ya kumwaga nje, akawasha. Kokoto ndani ya debe. Sindano ikarudi nyuma, ikaingia nyekundu. Rukaya akakinga chupa ya maji, tupu na safi, kwenye kibomba cha kupimia. Maji yakaja meupe. Akayamwaga, akakinga tena. Meupe. Dakika mbili. Simu ikatetemeka mfukoni, hakuitoa. Akakinga mara ya tatu, akainua chupa dirishani. Bado meupe. Dereva wa gari la polisi akawasha injini kule nje.

"Mita themanini," Kefa akasema, bila kumtazama. "Subiri."

Akakinga tena. Kitu kama moshi kikapita ndani ya chupa. Kisha chupa yote, kutoka chini kwenda juu, ikawa na rangi ya mashati ya shule siku ya kufuliwa.

Bluu.

"Zima, mzee."

Kefa akazima. Kimya kilichofuata kilisikika mpaka kwenye foleni. Rukaya akaifunga ile chupa, akaandika saa na tarehe, akamtaka Kefa asaini kama shahidi. Kisha akatoka kibarazani na kuwaambia wale wanawake maji hayafunguliwi leo, na kwa nini. Aliwaambia wazi, bila kuficha josho wala kiungio. Alikuwa ameshaagiza boza la maji kutoka Gulwe, na aliwaambia hilo pia, na kwamba hajui litafika saa ngapi. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja mmoja walianza kugeuza ndoo zao midomo chini, ishara ya kwamba nafasi ni ya mwenyewe na atarudi.

Simu ilipolia tena aliipokea. Akasema mtuhumiwa haendi Mpwapwa. Akasema kwa sasa Kefa Chilongani ni shahidi. Akasikiliza. Akaulizwa swali ambalo alikuwa anajiuliza na yeye: kama maelekezo yalikuwa ya mdomo, atamshitaki nani?

Macho yake yakaangukia kile kipazia. Akakivuta. Kamba ikakatika, kitambaa kikaanguka na vumbi lake. Herufi za dhahabu zilikuwa bado mpya, kwa sababu hakuna aliyezigusa tangu siku ya utepe. *Nyumba hii ya pampu imejengwa mahali hapa kwa maelekezo na usimamizi wa karibu wa Mratibu wa Mradi, Ndugu Ambokile Mwasile. Mhandisi: Ernest Kalinga.* Na tarehe chini yake.

Waliitaka sifa, wakaichonga kwenye jiwe.

"Kielelezo hiki tutakibebaje, afande?" Denis akauliza. Alikuwa amefika akihema, mikono ya bluu mpaka viwiko.

"Sururu si unayo?"

Ndani, Kefa alikuwa amelitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akalamba ncha ya kalamu, akaandika polepole kwa mwandiko wake mkubwa, midomo ikifuata herufi. Rukaya akasoma juu ya bega lake.

*Jumatatu, saa nane. Pampu imezimwa. Sindano chini ya sifuri. Afande amesikia.*